Chunusi za Mwanafunzi: Tuanze na Maji na Sabuni

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia wakati wa likizo ya shule

 

Leo hatukuja na habari za mbuzi wa maziwa wala za mikopo. Tumekuja kuzungumza juu ya chunusi. Tunaona wengine mnacheka. Chekeni kidogo, halafu mtusikilize, kwa sababu sisi pia tulicheka, na kicheko chetu kilimgharimu mtoto wa mtu.

Kulikuwa na binti wa kidato cha nne, analelewa na nyanya yake, ambaye ni mwanachama wa kikundi kimojawapo hapa. Likizo ya Aprili binti huyo alikuja ofisini kwetu. Alisimama karibu na mlango mpaka watu wote wakaondoka, ndipo akasema kwa sauti ya chini, "Madam, naomba kuuliza. Hivi vitu vya usoni vina dawa?" Tulimtazama, tukatabasamu, tukamwambia, "Hizo ni za ujana, zitapita zenyewe. Wewe soma." Tulidhani tumemtia moyo. Akasema asante, akaenda zake.

Baada ya wiki mbili zamu ya mzunguko ilimfikia nyanya. Alichukua pesa zake, akampa mjukuu sehemu ya kununua vitu vya shule: sabuni, madaftari, pedi, mafuta. Binti alipita sokoni. Pale kulikuwa na muuzaji mwenye vikopo vidogo vya krimu, na muuzaji alimwambia, "Siku saba tu, uso utang'aa." Nusu ya pesa iliishia hapo.

Na kweli, wiki ya kwanza uso ulilainika. Nyanya mwenyewe alifurahi. Lakini shuleni kopo lilipokwisha, mambo yaligeuka. Uso uliwasha, ukawa mwekundu, chunusi zikarudi nyingi kuliko zile za kwanza. Wakati wa mtihani wa majaribio binti alijifunika sweta kichwani akakataa kutoka bwenini. Alikosa karatasi mbili, akatumwa nyumbani.

Nyanya alikuja ofisini, akaweka kile kikopo kitupu mezani, akasema, "Wanangu, mtoto alikuja kwenu kwanza."

Hatukuwa na jibu. Maneno hayo ndiyo yaliyotuleta hapa leo. Mtoto akiuliza nyumbani akachekwa, atauliza sokoni, na sokoni kila swali lina jibu la kuuzwa.

CHUNUSI NI NINI HASA?

Ngozi yetu ina vitundu vidogo sana ambamo nywele huota. Kwenye kila kitundu kuna tezi inayotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Mtoto anapobalehe, homoni za mwili huongezeka, na tezi hizo hutoa mafuta mengi zaidi. Mafuta yakichanganyika na ngozi iliyokufa, kitundu huziba. Ndani yake kuna bakteria ambao kwa kawaida huishi juu ya ngozi bila kutudhuru. Wakipata mahali palipozibwa penye mafuta, huongezeka. Hapo ngozi huvimba, inauma, pengine inatunga usaha. Hiyo ndiyo chunusi.

Kutokana na hayo tunaweza kuondoa uongo fulani. Chunusi si ugonjwa wa kuambukiza. Si uchafu: hata mtoto anayeoga mara tatu kwa siku atazipata. Tena, na hili tunalisema mbele ya wazazi, si alama ya tabia mbaya. Kuna wanaowaambia wasichana kwamba zinatokana na kufikiria wavulana, na kuna wanaowaambia wavulana kwamba zitaisha wakilala na msichana. Uongo huo umeharibu watoto. Tusiuseme hata kwa mzaha.

Karanga nazo zimelaumiwa sana, na parachichi pia, bila ushahidi wa kutosha. Kinachoweza kuzidisha chunusi kwa baadhi ya watu ni vyakula vyenye sukari nyingi. Kwa hiyo mtoto akipunguza soda anaokoa uso na mfuko kwa pamoja. Karanga mwachieni.

WASIWASI WA MTIHANI

Wanafunzi wengi hutuambia kwamba chunusi huzidi karibu na mtihani. Hawadanganyi. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani walichapisha uchunguzi wa wanafunzi 22 wenye chunusi. Waliwaangalia wakati wa mtihani na wakati usio wa mtihani. Wakati wa mtihani chunusi zilizidi, na waliozidiwa na wasiwasi zaidi ndio ambao chunusi zao ziliharibika zaidi.

Sasa fikirini mtoto wetu. Anaamka saa kumi usiku kusoma. Analala saa tano. Karo haijaisha, anaogopa kuitwa ofisini. Anashika shavu huku akisoma, anabonyeza kichunusi kimoja, anabonyeza kingine. Kesho yake uso umevimba, wenzake wanamwita jina, wasiwasi unazidi. Ni gurudumu. Wasiwasi unaleta chunusi, na chunusi zinaleta wasiwasi.

Basi dawa ya kwanza ya bei rahisi ni usingizi. Mwanafunzi aliyelala vizuri anakumbuka zaidi kuliko aliyekesha akisinzia juu ya kitabu. Mzazi, likizo hii usimwamshe alfajiri kuchota maji halafu usiku umwambie asome mpaka taa izime yenyewe. Chagueni moja.

YA KUFANYA NYUMBANI

Haya yote yanahitaji beseni, maji safi, kipande cha sabuni na kitambaa.

1. Osha uso mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na ukishatoka jasho jingi kwa kazi au mchezo. Tumia maji ya uvuguvugu au ya kawaida na sabuni isiyo kali ya kuogea. Sabuni ya kufulia, ya mche au ya unga, ni ya nguo. Kuosha mara sita hakusaidii. Ngozi inakauka, inachubuka, chunusi zinawaka zaidi.

2. Osha kwa vidole. Wacha jiwe la kusugulia miguu, wacha wavu na kitambaa kigumu. Chunusi iko ndani ya ngozi, huwezi kuisugua ikatoka.

3. Kila mtu na kitambaa chake cha uso. Kifue na ukianike juani. Foronya nayo ifuliwe kila wiki. Kama hakuna foronya, tandika leso safi juu ya mto.

4. Angalia mafuta unayopaka. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mafuta mazito ya kujipaka ni mazuri kwa miguu na mikono iliyopauka, lakini usoni huziba vitundu. Mafuta ya nywele nayo huteremka kwenye paji la uso. Mtoto mwenye chunusi nyingi kwenye paji tu, muulizeni kwanza anapaka nini kichwani. Apunguze, au apake nyuma ya mstari wa nywele, na uso aupake losheni nyepesi kidogo kama umekauka.

5. Usibonyeze. Hata ukiona kichwa cheupe kinakuita, mwache. Ukibonyeza, usaha mwingine hurudi ndani na uvimbe unakuwa mkubwa. Kwa ngozi zetu nyeusi kila chunusi iliyobonyezwa inaweza kuacha doa jeusi la miezi mingi, na kwa wengine kovu linalovimba. Watoto wengi wanaolia kwa sababu ya chunusi, ukiwaangalia vizuri, wanalilia madoa waliyojitengenezea kwa kucha.

6. Kama kuna uvimbe unaouma, chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto kiasi, yale ambayo mkono unavumilia, kikamue, ukiweke juu ya uvimbe kwa dakika kumi. Fanya hivyo mara mbili au tatu kwa siku. Maumivu hupungua.

Ukifanya haya leo usikimbilie kioo kesho. Ngozi inahitaji wiki sita mpaka nane kuonyesha mabadiliko. Ninyi ni wakulima. Hamkupanda mahindi Jumatatu mkavuna Ijumaa.

VITU VYA JIKONI NA VYA SHAMBANI

Tunaulizwa sana juu ya asali. Kule New Zealand walijaribu aina fulani ya asali ya tiba kwa watu wenye chunusi, wakachapisha matokeo mwaka 2016. Waliopaka asali pamoja na kutumia sabuni ya kuua viini hawakupona kuliko waliotumia sabuni hiyo peke yake. Asali ni ya bei. Iuzeni, au itieni kwenye chai.

Shubiri, ile wengi wanaiita alovera, hutuliza ngozi inayowaka. Tumia ute mweupe wa ndani peke yake. Kata jani, lisimamishe mpaka maji ya manjano yatoke yote, kwa sababu hayo huwasha. Jaribu kwanza kidogo ndani ya mkono, ungoje siku nzima. Ikiwasha, acha. Shubiri za porini ziko aina nyingi na nyingine zina sumu, kwa hiyo usichume usiyoijua. Wala usidanganywe kwamba ute huo peke yake utamaliza chunusi. Unatuliza tu.

Ndimu na limau, hapana. Tindikali yake huchoma, na ukitoka juani na maji ya ndimu usoni ngozi inaweza kuungua na kubaki na mabaka meusi. Dawa ya meno, hapana. Magadi na baking'i poda, hapana. Spiriti na dawa ya kusafishia choo, hapana kabisa. Mkojo wa asubuhi, ambao mzee mmoja alitusifia sana, nao hapana, na tulimwambia hivyo kwa heshima.

TYUBU MOJA YA DUKA LA DAWA

Kama mtoto ameosha uso vizuri na bado chunusi ni nyingi, iko dawa ya kupaka ambayo madaktari wa ngozi wameitumia kwa miaka mingi, na huuzwa katika maduka ya dawa. Jina lake ni benzoili peroksaidi. Mwambieni mwenye duka awaandikie kwenye karatasi, maana jina ni refu. Ombeni ile yenye nguvu ya asilimia 2.5, na ikikosekana, ya asilimia 5. Usilipe zaidi kwa ile ya 10. Ya 2.5 hufanya kazi karibu sawa nayo, na ile kali huchubua zaidi.

Namna ya kuitumia ni hii. Jioni osha uso, ungoje ukauke kabisa. Chukua dawa kiasi cha punje moja ya njegere, usambaze mahali pote penye chunusi, mbali na macho na midomo. Wiki mbili za kwanza paka siku moja, ruka siku moja. Ngozi itakauka kidogo na kuwasha kidogo. Hilo ni la kawaida. Ikivimba au ikitoa malengelenge, osha, acha, nenda kliniki. Dawa hii hutoa rangi ya nguo, kwa hiyo vaa nguo kuukuu ya kulalia, na sweta ya shule ikae mbali.

Kwa sababu unapaka kidogo, tyubu moja hukaa muda mrefu. Ulizeni bei katika maduka mawili kabla ya kununua. Yule binti wetu alipopiga hesabu baadaye, aliona kwamba kopo la sokoni lilimla pesa nyingi kuliko tyubu.

VIKOPO VYA SOKONI

Sasa tuseme wazi kilichokuwa ndani ya hicho kikopo. Hatukuweza kukipima, na karatasi yake ilikuwa imebanduka. Lakini daktari aliyemwona binti alisema ngozi yake ilikuwa na dalili za mtu aliyepakwa steroidi kali. Steroidi ni dawa halali ikitolewa na daktari kwa ugonjwa fulani na kwa siku chache. Ukiipaka usoni ovyo, mwanzoni uvimbe hupungua na unajiona umepona. Kisha ngozi huwa nyembamba, na ukiacha, chunusi hurudi kwa hasira. Ndiyo maana muuzaji husema siku saba. Siku ya ishirini yeye yuko soko lingine.

Krimu na sabuni nyingine za kung'arisha zina zebaki, au dawa ya kuchubua inayoitwa hidrokwinoni. Zebaki hupenya ngozi na kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Tena humdhuru hata asiyepaka, kama mtoto mchanga anayebebwa na aliyepaka. Huku kwetu Kenya, Shirika la Viwango lilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, hidrokwinoni na steroidi tangu mwaka 1998. Miaka mingi imepita na bado zinauzwa kwenye meza za soko, karibu na nyanya na vitunguu.

Kabla ya kununua, someni karatasi. Mkiona maneno mercury, calomel, hydroquinone, clobetasol au betamethasone, rudisheni. Kama hakuna karatasi, au imeandikwa lugha ambayo hata mwalimu haisomi, rudisheni vilevile. Na mtoto ambaye tayari amepaka kwa wiki nyingi asiache kimya kimya na kujificha. Apelekwe hospitali na kopo lenyewe, asaidiwe kuacha.

WAKATI WA KWENDA KLINIKI

Mpelekeni mtoto kama ana mavimbe makubwa yanayouma ndani ya ngozi. Kama chunusi zinaacha mashimo au makovu. Kama miezi miwili au mitatu ya utunzaji haijasaidia. Kama msichana anakosa hedhi mara kwa mara na pia anaota ndevu. Uvimbe mkubwa karibu na pua au jicho, pamoja na homa, ni wa kupelekwa siku hiyo hiyo.

Msigawane vidonge. Kuna dawa za kumeza za chunusi ambazo ni nzuri mkononi mwa daktari na hatari mkononi mwa jirani. Isotretinoini, kwa mfano, humlemaza mtoto aliye tumboni. Na vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kabatini si vya kumpa mwanafunzi vitatu leo na viwili kesho.

Tena mpelekeni, au mje kwetu, kama mtoto amekataa kwenda shule, hali, halali, anasema hana maana. Hapo jambo si la ngozi tena. Msimwambie kwamba wenzake wana shida kubwa zaidi.

KAZI YETU SISI WAKUBWA

Yule binti alifanya mtihani wake Novemba. Daktari alimsaidia kuacha krimu polepole, akarudi kwenye maji na sabuni, na baadaye ile tyubu. Aliingia chumba cha mtihani akiwa bado na mabaka mashavuni. Nyanya yake alikuwa amemwambia jana yake, "Mjukuu wangu, karatasi ya mtihani haina kioo." Mabaka hayo yamepungua sasa, hayajaisha.

Sisi tulimwomba msamaha, yeye na nyanya yake. Tuliona aibu, lakini tulijifunza. Jibu letu la kwanza, kwamba zitapita zenyewe, kwa wengi ni la kweli. Kosa letu ni kwamba tulilitumia kufunga mlango. Tungemwambia, "Kaa hapa, tuzungumze. Unapaka nini? Unalala saa ngapi? Unabonyeza?" tungetumia dakika kumi, na pesa za nyanya zingefika shuleni zote.

Basi tunaviomba vikundi mambo matatu. La kwanza, siku ya kugawa pesa za mzunguko, mama anayemnunulia mtoto vitu vya shule amuulize kwa upole kama kuna kitu anachohitaji na anaona haya kukitaja. La pili, kikundi kimchague mtu mmoja anayejua kusoma karatasi za dawa, ili mwenye kopo asilolielewa amwonyeshe kabla ya kupaka. La tatu, tuache kuwaita watoto majina kwa sababu ya nyuso zao. Hilo halina gharama hata ya kipande cha sabuni.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Sisi wenyewe tulipokuwa vijana, tulipaka nini usoni, na nani alitushauri?

2. Katika soko letu krimu zinauzwa na nani? Tunaweza kuzungumza naye namna gani bila kugombana?

3. Mtoto wetu akiwa na jambo la aibu, anamwambia nani hapa nyumbani? Kama hakuna, tufanye nini wiki hii?

Tunaona wasichana wawili kule nyuma wanataka kuuliza. Tutakaa chini ya mwembe mkutano ukiisha. Njooni, hatutacheka.